Somo la Kwanza Halikuwamo

Bango lilitangulia kutundikwa, muziki ukaja kutafutwa baadaye. Jumatatu asubuhi walimu walilikuta limeshafungwa getini kwa waya: picha ya mtoto anacheka meno yote nje, gitaa mapajani, na chini yake maneno mekundu, ELIMU KWA MUZIKI. Gitaa hilo la kwenye picha ndilo lilikuwa gitaa pekee katika shule nzima.

Mwalimu wa chekechea alilisoma mara mbili, mkoba begani. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ilikuwa imepita akifuta makamasi ya watoto wa watu na kuwafundisha kushika penseli. Kuimba aliimba, nani asiyeimba chekechea, lakini aliimba kwa makofi. Chombo cha muziki hajawahi kukishika hata kwa kukisogeza.

Mkuu wa shule, ambaye ndiye pia mwenye shule, aliwaita ofisini mmoja mmoja. Ng'ambo ya barabara shule nyingine ilikuwa imenunua piano, na watoto kumi na wawili walikuwa wamevuka barabara kuifuata hiyo piano. Mkuu alikuwa mama wa sauti ya taratibu, na walimu walimwogopa zaidi kila aliposhusha sauti.

"Mwalimu, kaa. Umeliona bango?"

"Nimeliona, Mkuu."

"Wazazi nao wameliona. Sasa hatuwezi kuwa waongo. Muhula ujao chekechea lazima iwe na mwalimu anayepiga chombo. Kuna msichana ametoka chuoni juzi, anapiga gitaa, ananisumbua kila siku. Lakini nikasema, huyu wangu wa siku nyingi nisimtupe bila kumpa nafasi. Miezi mitatu inakutosha?"

"Kujifunza gitaa?"

"Chombo chochote. Ila bango lina gitaa."

Mwalimu alitazama mikono yake, kisha akaitoa juu ya meza. Aliuliza atafundishwa na nani. Mkuu akatabasamu kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwenye nyumba yenye mlango wazi.

"Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, Mwalimu. Bure. Mwanangu amejifunza Kichina huko huko, wala hajatoka chumbani. Ni kweli samaki hukunjwa angali mbichi, lakini wewe jaribu. Asiyejaribu ndiye anayeshindwa."

Alitoka ofisini akijua kwamba amekalia kuti kavu. Darasani watoto walikuwa wamemwaga kopo la rangi ya bluu, na mmoja alikuwa ameikalia. Akaanza kazi yake.

*

Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili katika mstari wa vyumba kumi, ukuta mmoja na mshonaji wa nguo, ukuta wa pili na chumba cha stoo. Fundi alisikiliza habari yote huku anakwangua rangi kwenye kucha, kisha akacheka.

"Basi hapo kuna shida gani? Gitaa si lipo?"

Ni kweli lilikuwepo. Mteja mmoja aliyehama alimwachia fundi ngazi, ndoo mbili na gitaa. Ngazi ilifanya kazi, ndoo zilifanya kazi, gitaa lilikaa juu ya kabati miaka miwili likishika vumbi. Lilikuwa na ufa mdogo ubavuni, na kati ya vishikio sita vya kukazia nyuzi, kimoja kilikuwa kimekatika kichwa, kimebaki kijiti cha chuma kinachohitaji koleo. Koleo kwa fundi si tatizo.

Kwanza Mwalimu alijaribu njia ya heshima. Alikwenda mjini kwa mtu anayefundisha gitaa, ofisini kwake ghorofa ya pili, kwenye zulia. Yule bwana alimtazama viatu kabla ya kumtazama uso, akamtajia bei ya masomo manne. Ilikuwa nusu ya mshahara wake wa mwezi. "Ni kwa ajili ya mtoto?" bwana akauliza. Mwalimu akajibu, "Ndiyo, ni kwa ajili ya mtoto," akaaga. Njiani alijichukia kwa jibu lile kuliko alivyoichukia bei.

Binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu na aliyejua simu kuliko wazazi wake wote wawili, aliwatafutia masomo ya mtandaoni. Yalikuwepo mengi kama mchanga. Wazungu, Wahindi, watoto wadogo wenye vidole vya ajabu, kila mtu anafundisha bure. Tatizo ni kwamba masomo yalikuwa bure, bando halikuwa bure. Video mbili tu zilimaliza bando la wiki nzima, na hata kushika gitaa walikuwa hawajafika.

"Niachieni mimi," fundi akasema.

Kesho yake alirudi na memori kadi, ameishika kwa vidole viwili mfano wa mtu aliyebeba yai. Kule kwenye kibanda cha yule kijana anayewawekea watu nyimbo na filamu kulikuwa na mafunzo kamili ya gitaa, kwa Kiswahili, masomo thelathini, kwa bei ya mikate miwili. Fundi alijua kupatana bei, na kwa hilo alijisifu mpaka chakula kikapoa.

Binti aliiingiza kadi kwenye simu, akashusha orodha kwa kidole.

"Baba, yanaanzia somo la pili. La kwanza halimo."

"La kwanza huwa ni salamu tu. Mtu anajitambulisha, anawashukuru wazazi wake, anamshukuru Mungu. Hapo hatujapoteza kitu."

*

Mwalimu wa kwenye simu alikuwa bwana wa makamo mwenye kofia ya kufuma, amekaa mbele ya pazia la kijani. Pembeni ya picha, mahali ambapo huenda paliandikwa jina lake, palikuwa na ukungu mweupe. Nyumbani wakamwita Bwana Simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haifanani na mwili wake, na fundi kila akimsikia alikuwa na neno.

"Mwalimu wako huyu hajabalehe. Kifua chote kile, sauti ya kifaranga."

"Mwache. Anafundisha vizuri."

Alifundisha vizuri, ila alikuwa na haraka. Kila mwanzo wa somo alipiga nyuzi sita moja baada ya nyingine, zikiwa wazi, akasema, "Linganisha na zako." Fundi alikaa na koleo, mke akishika simu sikioni, wakakaza uzi mmoja mmoja mpaka ukalia sawa na wa Bwana Simu. Hapo ndipo nyuzi zilipokuwa zikikatika. Wiki ya kwanza ulikatika uzi mwembamba ukamchapa fundi kidevuni. Wiki ya tatu ukakatika mwingine. Fundi alisema ni uzee wa nyuzi, mke akasema ni mkono wa mtu aliyezoea kukaza mabolti, wakanuniana mpaka jioni. Nyuzi mpya zilinunuliwa, na mwezi huo mafuta ya kupikia yakapimwa kwa kijiko.

Alifanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, na tena saa kumi akirudi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti vyao vilikuwa na mikono iliyozuia gitaa. Alikata kucha za mkono wa kushoto. Ncha za vidole zilimwuma, zikatoka malengelenge, zikapasuka, mwisho zikaota sugu. Fundi alizigusa siku moja wakila, akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. "Karibu kwenye ufundi," akasema.

Upande wa pili wa ukuta cherehani ya mshonaji ndiyo ilikuwa hakimu. Mwalimu akikosea, cherehani ilisimama. Akirudia akakosea tena, ilibaki imesimama, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Siku moja mshonaji alimkuta bombani akamwambia kwa upole, "Shoga, nilidhani mnatesa paka. Kumbe unasoma." Mwalimu alicheka naye, akaingia ndani, akakaa kwenye ndoo, asiguse gitaa nusu saa.

Kilichomwuma zaidi ni kuachwa. Bwana Simu alibadili vidole kabla yeye hajafikiria vyake viko wapi. Akifika mahali pa kushika nyuzi tatu kwa pamoja, mwenzake ameshapita, yuko mbele. Alirudisha nyuma, akarudisha tena. Na kila somo, bila kukosa, yule bwana alimaliza kwa maneno yale yale, anayasema mbio kama anafukuzwa: "Usiharakishe, mimi nakungoja."

"Ananingoja wapi?" Mwalimu alimwuliza binti yake siku moja, machozi yakimlenga. "Mtu anakimbia hivi, halafu anasema ananingoja. Mimi ni mzee, mwanangu. Hii si akili yangu tena."

Binti aliacha daftari lake. "Mama, mwezi uliopita ulikuwa hujui kulishika. Sasa unagombana naye kwa sababu ya sekunde mbili."

Alipiga moyo konde. Mwezi wa tatu alilibeba gitaa darasani, limefungwa kwenye khanga, akawapigia watoto wimbo wa kunawa mikono aliokuwa ameutunga mwenyewe zamani. Watoto walikaa kimya kwa mara ya kwanza katika historia ya darasa lile. Kisha wakaimba. Waliimba kila siku, wiki tatu, mpaka wakawa wanauanza wenyewe kabla hajagusa uzi, na wanauanza pale pale gitaa linapoanzia. Yeye mwenyewe hakuamini. Alirudi nyumbani anatembea haraka.

*

Siku ya kupimwa Mkuu aliweka viti vitatu katika ukumbi wa chakula: kimoja chake, viwili vya wazazi wa kamati. Kando alikuwepo mpiga kinanda, bwana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, anayepiga kwenye harusi. Mkuu alikuwa amemwita ili amsikilize akipiga, na kama atapendezwa naye, apige siku ya wazazi na afundishe madarasa ya juu. Kwa hiyo siku ile walipimwa watu wawili, ingawa aliyeambiwa ni mmoja.

Mwalimu alipiga na watoto wake ishirini na wanne. Mstari wa kwanza vidole vilichelewa kidogo, mstari wa pili vikatulia. Mzazi mmoja alitikisa mguu. Walipomaliza, wazazi walipiga makofi, na mtoto aliyekalia rangi siku ile akainama kupokea makofi kama yeye ndiye mwenye shughuli.

"Vizuri," Mkuu akasema. "Sasa pigeni pamoja na kinanda. Siku ya wazazi mtakuwa pamoja."

Mpiga kinanda aliuliza wimbo unaanzia wapi, Mwalimu akamwonyesha vidole. Wakaanza.

Kilichotoka hakikuwa wimbo. Sauti mbili zilikuwa zinagombana, kila moja imeng'ang'ania mahali pake, hakuna inayoipisha nyingine. Watoto wawili waliziba masikio, kisha sita, kisha darasa zima, na mmoja akaanza kulia. Mwalimu aliacha kupiga. Damu yote ilimpanda usoni.

"Ni nini hicho?" Mkuu akauliza, sauti chini kabisa.

Mpiga kinanda akasogea karibu. Alimwomba Mwalimu apige uzi mnene ukiwa wazi. Akaupiga. Yeye akagonga kitufe kimoja cha kinanda, akagonga na cha pili yake. Hapo Mwalimu akasikia. Uzi wake ulikuwa juu ya pale unapotakiwa kuwa, na ukiwa juu huo, wote sita wako juu. Alikuwa ameupanda mlima wote, kumbe mlima wenyewe si ule.

"Unaweza kushusha?" bwana yule akamnong'oneza.

Mwalimu alimwonyesha kijiti kilichokatika kichwa. "Kinataka koleo. Koleo liko nyumbani."

Mpiga kinanda alitazama kile kijiti. Akatazama watoto, mikono bado masikioni. Kisha akainama kwenye kinanda chake, akabonyeza kitufe cha kupandisha sauti zake zote zilifuate gitaa, akajinyoosha.

"Samahani, Mkuu. Ni kinanda changu. Kilikuwa kimekaa vibaya. Nimeshakirekebisha."

Wakaanza tena, na safari hii zilikwenda pamoja, gitaa na kinanda, mpaka mzazi wa kamati akatoa simu kurekodi. Watoto waliimba kuliko siku zote. Walipomaliza Mkuu aliinuka, akampa Mwalimu mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya miaka kumi na tisa. Kisha akamgeukia mpiga kinanda.

"Bwana, asante kwa kuja. Lakini siku ya wazazi siwezi kuweka kinanda kibovu. Tutaonana siku nyingine."

Mpiga kinanda alifungua mdomo. Mwalimu naye alifungua wake. Kati ya midomo hiyo miwili halikutoka neno. Bwana yule alianza kukunja waya taratibu, akauzungusha kwenye kiwiko, akauweka mfukoni, na Mwalimu akasimama pale na gitaa lake, akimtazama, akinyamaza.

*

Barua ilisema mkataba wa mwaka mmoja, na muhuri ulikuwepo. Fundi aliisoma kwa sauti, akairudia kwa sauti, akatoka nje kumsomea mshonaji. Aliporudi alimkuta mkewe hajavua viatu.

"Nini tena?"

Alimweleza yote. Fundi alisikiliza, akalitazama gitaa, akalitazama koleo lake, na kwa muda uso ukamshuka, maana aliyekaza nyuzi zile ni yeye.

"Tulikaza kama alivyopiga," akasema. "Mimi siwezi kukosea kitu nilichokipima."

"Hatukukosea. Lakini gitaa limekosea."

"Sasa unataka nini? Mtu amekusitiri. Funika kombe mwanaharamu apite. Kazi unayo, barua unayo."

"Na yeye?"

"Yeye ni mpiga harusi. Harusi hazitaisha."

Mwalimu alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. Aliona aibu, na haikuwa ile ya kukosea mbele ya watu. Ile alikuwa anaijua tangu utoto na huisha. Hii ilikuwa ya kuwa na mdomo mzima na kuuacha umefungwa.

*

Jumapili mchana alimpata mpiga kinanda nyuma ya kibanda cha kutengeneza redio, ambacho kilikuwa chake pia. Mke wake alimpa Mwalimu kiti na maji, akarudi ndani.

"Kaka, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi, dada? Aliyesema kinanda kibovu ni mimi."

"Uliniokoa."

"Wala. Niliona kijiti kimekatika, niliona watoto wanasubiri. Kubonyeza kitufe kimoja ni jambo rahisi kuliko kutafuta koleo." Alikuna kidevu. "Sikujua kwamba atanitoa. Ningejua, sijui ningefanyaje. Nakwambia kweli."

Mwalimu aliona heri angemwambia kwamba alifanya makusudi, kwa wema. Angebeba shukrani tu. Sasa alibeba na ile kazi aliyoikosa mwenzake.

Bwana yule aliuliza nyuzi zile alizilinganisha na nini. Mwalimu akatoa simu, akamwekea Bwana Simu somo la pili. Mpiga kinanda alisikiliza kidogo, akaanza kutabasamu, akasikiliza tena, tabasamu likaondoka.

"Dada, huyu mtu amekimbizwa."

"Amekimbizwa vipi?"

"Video za watu zikiibiwa, mtandao unazitambua na kuziondoa. Basi mwizi huziongeza mwendo kidogo, zisitambulike. Ukiongeza mwendo, sauti nayo inapanda. Ya mtu inapanda, na ya gitaa inapanda. Huoni anavyoongea?"

Alichukua simu yake mwenyewe, akatafuta, hakuchukua hata dakika tano. Pazia lilikuwa lile lile la kijani, kofia ile ile. Ukungu haukuwepo, na chini palikuwa na jina kamili la mtu na mji wake. Juu paliandikwa: Somo la Kwanza.

Bwana Simu alifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu mzima, inatoka kifuani. Ilikwenda polepole. "Karibu," ikasema. "Masomo haya ni bure. Ukiyakuta mahali yanauzwa, umeibiwa. Kabla ya kuanza, tafuta kitu cha kulinganishia nyuzi, usinitegemee mimi peke yangu."

Mwalimu alikumbuka mikate miwili na fundi na kadi yake kama yai. Walikuwa wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa anatolewa bure barabara ya pili. Lakini hilo halikumgusa sana. Alimwomba mpiga kinanda amwekee na lile somo lililomtoa machozi, akatazama vidole vya Bwana Simu vikibadili nyuzi. Vilikuwa vinakwenda taratibu. Alivifuata kwa vidole vyake mwenyewe, hewani, bila gitaa, akafika navyo pamoja. Miezi mitatu alikuwa anajiita mzee kwa kumfuata mtu ambaye hakuwa anakimbia.

"Usiharakishe," Bwana Simu akamalizia kwa ile sauti yake nzito. "Mimi nakungoja."

Akalia kidogo, pale nyuma ya kibanda cha redio. Mpiga kinanda alijifanya anatafuta bisibisi.

*

Jumatatu alibisha ofisini kwa Mkuu kabla ya kengele. Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameshusha nyuzi zote sita kwa koleo, akizilinganisha na redio ndogo waliyoazimwa na mpiga kinanda, yenye sauti sita alizorekodi, bila kusema neno hata moja, jambo ambalo kwake ni sawa na kuomba msamaha.

"Mkuu, kinanda cha yule bwana si kibovu. Gitaa langu ndilo lilikuwa juu. Alilificha kosa langu."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Kwa nini unaniambia? Barua umeshapata."

"Kwa sababu yeye amekosa kazi, na mimi nilikuwepo nikanyamaza."

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Nikwambie ukweli, Mwalimu. Mimi juu na chini ya muziki siijui. Niliwatazama watoto tu. Walipoziba masikio nikajua ni kibaya. Walipoacha, nikajua ni kizuri." Alinyoosha mkono. "Ile barua unayo?"

Alikuwa nayo kwenye mkoba. Mkuu alikata maneno mwaka mmoja kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake muhula mmoja, akatia sahihi pembeni, akapiga muhuri wa pili.

"Mwambie aje siku ya wazazi. Siku hiyo tu, madarasa ya juu nimeshampa yule msichana wa chuoni. Na wewe tutaangalia tena mwisho wa muhula. Mtu anayesema ukweli nampenda. Lakini gitaa langu la kwenye bango halikosei."

"Sawa, Mkuu."

Mwalimu aliikunja barua, akaenda darasani. Kwa kweli alikuwa na hofu ile ile ya siku ya bango, imerudi mahali pake. Ila mabega yalikuwa mepesi, na hilo lilimshangaza. Alifungua khanga, akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto, akapiga uzi wa kwanza.

Watoto hawakuungoja. Waliuanza wimbo kule kule juu walikozoea, mbio, kila mmoja anamvuta mwenzake, na gitaa likabaki chini peke yake. Wengine walisita, wakamtazama. Aliyekalia rangi aliziba masikio.

"Mwalimu, gitaa lako limekosea," akasema.

"Lilikuwa limekosea juzi," Mwalimu akamjibu. "Leo liko sawa."

Mtoto hakuridhika, na hakukuwa na sababu ya kuridhika. Mwalimu akauanza tena, wakampita tena. Akaacha kupiga, akaweka kiganja juu ya nyuzi zikanyamaza, akawatazama wote ishirini na wanne mpaka wa mwisho alipofunga mdomo.

"Msiharakishe," akasema. "Mimi nawangojeni."